Uzi maalumu: Bohumil Modrý, kipa bingwa wa dunia aliyepigwa miaka 15 kwa safari isiyomhusu

Kipa wa Kata

Wakuu, heshima kwenu. Jukwaa limejaa usajili na nani kamsema nani, nikaona leo nishushe kitu tofauti. Hoki ya barafuni najua wengi humu hamuifuatilii, na mimi sijifanyi nimekulia nayo. Mimi ni kipa, nasoma habari za makipa wa mchezo wowote ule, na huko ndiko nilikokutana na huyu mtu.

Jina lake Bohumil Modrý. Kazaliwa Prague tarehe 24 Septemba 1916, kafia hukohuko Prague Julai 1963, umri miaka 46. Katikati ya tarehe hizo mbili kuna ubingwa wa dunia mara mbili, 1947 na 1949, medali ya fedha ya Olimpiki ya 1948, usomi wa uhandisi, na hukumu ya kwenda jela miaka 15 aliyopewa na serikali ya nchi ileile aliyoisimamia golini, Chekoslovakia. Kosa: uhaini na ujasusi.

Kwa wageni wa mchezo, kila timu inaingiza watu sita, kipa akiwa mmoja wao. Goli ni dogo, upana mita 1.83 na kimo mita 1.22. Kinachogombewa ni paki, kisahani cha mpira mgumu ambacho kikipigwa na fundi hukioni, unasikia tu kimefika. Na sasa shikeni hili: enzi za Modrý kipa alikaa golini uso mtupu. Barakoa ilianza kuzoeleka baada ya Jacques Plante wa Montreal kuivaa kwenye mechi ya ligi Novemba 1959. Kabla ya hapo ni pua yako na Mungu wako.

Naendelea, msichangie haraka.

Mzee wa Kijiwe

Nimeshaweka kiti. Ila uso mtupu mkuu? Hao watu mama zao walikuwa wanaangalia?

Shujaa wa South B

Kwa wanaojiuliza barafu huku kwetu itatoka wapi: Nairobi iko, pale Panari, Mombasa Road. Timu yetu ya Ice Lions inajifua hapo miaka nenda rudi, na 2024 Kenya ikapokelewa kwenye shirikisho la dunia la hoki ya barafu. Kiwanja ni kidogo, hakifikii kipimo cha kimataifa. Lakini simama tu pembeni, paki igonge ukingo, utaisikia mpaka kwenye magego. Halafu niambie kuna mtu anaisubiri bila kitu usoni.

Kipa wa Kata

Asante jirani, umenisaidia kazi.

Klabu yake ilikuwa LTC Praha. Ilianzishwa kama klabu ya tenisi, hizo herufi maana yake ni Lawn Tennis Club, lakini watu wanaikumbuka kwa hoki. Uwanja wao ulikuwa Štvanice, kisiwani katikati ya mto Vltava, palipofunguliwa mwaka 1932. Mwalimu aliyewabadilisha Wachekoslovakia alikuwa Mike Buckna, kijana wa Kanada mwenye asili ya Slovakia, aliyekwenda Ulaya kabla ya vita, akarudi tena baada ya vita. Aliwaletea hoki ya Kanada: pasi, mpangilio, kila mtu ajue anakimbilia wapi.

Modrý alianza kuitwa timu ya taifa kabla ya vita. Machi 1939 Wajerumani wakaingia Prague. Ubingwa wa dunia ukasimama kuanzia 1940 mpaka 1946. Fanyeni hesabu wenyewe: miaka ambayo kipa anakomaa, yeye aliimaliza chini ya utawala wa kigeni bila mashindano yoyote ya kimataifa ya maana. Uliporudi ubingwa wa dunia 1947 alikuwa na miaka 30, na ulirudi nyumbani kwake, Prague.

Hapo kuna vioja. Kanada haikuja. Chekoslovakia ikafungwa na Sweden 2-1, watu wakajua kombe limeondoka. Kisha Sweden wakaenda kulala kwa Austria, 2-1 vilevile. Chekoslovakia bingwa wa dunia kwa mara ya kwanza.

Mzee wa Kijiwe

Yaani ubingwa wa kuombea mwenzako afungwe. Huu mchezo sasa naanza kuuelewa.

Kipa wa Kata

Subiri 1948, St. Moritz, Uswisi. Olimpiki ya baridi ya kwanza baada ya vita. Hoki ilichezwa nje, barafu ya wazi, chini ya milima, jua likitoka barafu inalainika, theluji ikianguka mchezo unasimama wafagie. Kanada wamekuja na timu ya jeshi lao la anga, na siku walipokutana na Chekoslovakia matokeo yalikuwa 0-0.

Kwenye hoki sare ya bila kufungana ni kitu adimu sana. Mashindano yaleyale Chekoslovakia waliifunga Italia 22-3! Kwa hiyo unapoona 0-0 dhidi ya Kanada, jua makipa wawili walifanya kazi ya kutisha siku ile, Murray Dowey kule na Modrý huku. Modrý sifa yake ilikuwa utulivu na kujua mahali pa kusimama. Mhandisi bwana. Hakuwa wa kurukaruka kufurahisha jukwaa. Kipa anayejua pembe hana haja ya kuruka, paki inamkuta ameshafika, na hili makipa wenzangu humu mtaniunga mkono: tunaopigiwa makofi kwa kudaka kwa kuruka, mara nyingi tulikuwa tumesimama vibaya kwanza.

Timu zote mbili zikamaliza mechi nane, ushindi saba na sare moja. Kanada wakachukua dhahabu kwa hesabu ya mabao.

Takwimu Hazidanganyi

Weka namba mkuu usituache hivihivi.

Kipa wa Kata

Kanada walifunga 69, wakafungwa 5. Chekoslovakia walifunga 80, wakafungwa 18.

Takwimu Hazidanganyi

Sawa. Kwa kutoa, Kanada +64, Chekoslovakia +62. Kwa kugawanya kama walivyofanya wakati ule, Kanada 13.8, Chekoslovakia 4.4. Kote Kanada anapita. Lakini mabao mawili tu! Kwenye mechi nane! Mechi moja tu ile ya bila bila ingetoka 1-0 upande wa Prague, tungekuwa tunaongea dhahabu.

Binti Shangani

Nasoma hapa na moyo unanidunda kwa mechi iliyochezwa bibi yangu akiwa msichana. Endelea.

Kipa wa Kata

Olimpiki ilifungwa tarehe 8 Februari 1948. Tarehe 25 mwezi huohuo wakomunisti wakashika serikali yote Prague. Na siku zilezile, LTC Praha walikuwa Moscow.

Walienda kufanya nini? Kufundisha, kwa maneno mengine. Warusi walikuwa na magongo yao ya zamani ya barafuni, watu 11 kila upande, uwanja mkubwa kama wa soka, kimpira cha mviringo. Hoki ya Kanada waliianzisha rasmi kwenye ligi Desemba 1946. Walitaka kupima wapo wapi, wakawaalika mabingwa wa dunia. Mechi tatu, uwanja wa wazi wa Dinamo, watu maelfu kwa maelfu kwenye baridi. Moscow wakashinda moja, LTC wakashinda moja, ya tatu sare. Kati ya waliokuwa upande wa Moscow ni Vsevolod Bobrov, ambaye wazee wa soka mtamjua: ndiye yule aliyekwenda Uingereza na Dinamo 1945 akawatesa.

Kati ya mechi kulikuwa na mazoezi ya pamoja. Modrý alikaa na makipa wa Kisovieti akawaonyesha namna ya kusimama, namna ya kutoka golini kuziba pembe, vifaa vinavyofaa. Hakuwaficha. Miaka sita baadaye, 1954 Stockholm, Wasovieti waliingia ubingwa wa dunia kwa mara ya kwanza na wakauchukua papo hapo, Bobrov akiwa nahodha. Mwaka ule mwalimu wao alikuwa kifungoni kwa kosa la kuwa adui wa ujamaa.

Bila Miwani

HAPO SASA. Ndiyo maana mimi siku zote nasema hii ilipangwa Moscow. Wanafunzi wameiva, mwalimu anafungwa. Huhitaji shahada.

Kipa wa Kata

Mkuu shusha presha, hoja yako nitaifikia. Kwanza nimalizie mwaka.

Tarehe 8 Novemba 1948 timu ya taifa ilikuwa safarini kutoka Paris kwenda London kucheza. Kundi kubwa lilishatangulia. Wachezaji sita wakafuata na ndege ndogo, ikapotelea juu ya mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza: Ladislav Troják, Karel Stibor, Vilibald Šťovík, Miloslav Pokorný, Zdeněk Švarc, na kipa msaidizi wa Modrý, Zdeněk Jarkovský. Hawakupatikana.

Timu ya taifa imepoteza watu sita, na mwezi uliofuata LTC wakaenda Davos kucheza Kombe la Spengler, wakalichukua tena. Na hapa ndipo penye kiini cha uzi wangu. Wakiwa Davos, Uswisi, nje ya mipaka, polisi wa kwao hawawafikii, wachezaji wa LTC walikaa wakajadiliana: turudi au tubaki? Kulikuwa na mipango ya kuwapokea kama timu ya uhamishoni. Walijadili kwa uzito. Mwisho wakaamua kurudi nyumbani. Waliobaki ni wawili tu, Miroslav Sláma na Oldřich Zábrodský.

Miezi miwili baadaye wakatoka tena, Stockholm, ubingwa wa dunia 1949. Wakaifunga Kanada 3-2, mara ya kwanza katika historia yao. Wakaifunga Sweden 3-0 kwao Sweden. Modrý golini. Mabingwa wa dunia kwa mara ya pili, safari hii Kanada ikiwepo. Mlango uko wazi, wako Sweden, nchi tajiri isiyofungamana na upande wowote. Wakapanda ndege wakarudi Prague na kombe.

Mara mbili walipewa nafasi ya kutoroka wakaikataa. Wekeni hilo akiba.

Mzee wa Kijiwe

Mimi Davos tu ningeshaoa hukohuko.

Mama Wawili

Mzee wewe huna wazazi nyumbani? Hao walikuwa na wake, watoto, baba na mama. Ukibaki wewe, wanaoitwa kituoni kesho yake ni wao. Watu wanasema "angekimbia" kama vile mtu anakimbia na ukoo mzima begani.

Kipa wa Kata

Umesema mama.

Machi 1950. Ubingwa wa dunia unachezwa London. Mabingwa watetezi wako Ruzyně, uwanja wa ndege wa Prague, tarehe 11, mabegi, magongo, sare za safari. Ndege hairuki. Wanaambiwa kuna tatizo la viza: Uingereza imewanyima watangazaji wawili wa redio waliotakiwa kusafiri nao. Rudini nyumbani. Kisha inatangazwa hadharani kwamba wachezaji wenyewe, kwa hiari yao, wameamua kutokwenda, kwa mshikamano na watangazaji.

Tarehe 13, siku mashindano yanaanza London bila wao, kundi la wachezaji wakakutana baa ya U Herclíků, si mbali na jumba la Tamthiliya ya Taifa. Bia. Hasira. Redio inasoma habari za wao "kukataa" kusafiri. Nani asingetukana? Wakaitukana serikali, wakamtukana kila aliyestahili, kwa sauti. Ndani ya baa walikuwepo watu wa usalama wa taifa wenye nguo za kiraia. Pakatokea vurugu, wakakusanywa wote.

Modrý hakuwepo kwenye baa.

Wala safari ya London haikuwa yake. Alikuwa ameshajiweka pembeni na timu ya taifa baada ya Stockholm. Naye akakamatwa. Kesi ikasikilizwa Oktoba 1950, siku mbili, milango imefungwa, mahakama ya dola. Hukumu: Augustin Bubník miaka 14, Stanislav Konopásek 12, Václav Roziňák 10, Vladimír Kobranov 10, Josef Jirka 6, na wengine vifungo vifupi kuanzia miezi minane. Hata mwenye baa hakusalimika. Na aliyepewa kikubwa kuliko wote, miaka 15, kama kiongozi wa kundi: Bohumil Modrý. Mtu ambaye hakutukana, hakunywa, hakusafiri.

Takwimu Hazidanganyi

Daah.

Binti Shangani

Ushahidi ulikuwa nini hasa?

Kipa wa Kata

Kwamba walikula njama ya kutorokea London, na kwamba wana mawasiliano na Wamagharibi. Modrý alikuwa mtu wa lugha, mtu wa safari, anajuana na watu wa nje, na aliwahi kutaka kwenda kucheza Kanada, akaomba kwa njia za wazi. Kwa dola ya aina ile, kuomba ruhusa ni ushahidi kwamba ulitaka kuondoka. Mengine yalitoka kwenye mahojiano. Bubník aliishi mpaka 2017 na alieleza mara nyingi walivyopigwa wakati wa kuhojiwa, kule Hradčany, Prague, kwenye kijengo cha jeshi kilichoitwa kwa jina la kupendeza la "nyumba ndogo".

Bila Miwani

Bado hujanijibu. Warusi walifaidika au hawakufaidika?

Kipa wa Kata

Walifaidika, sana tu. Lakini kufaidika si kupanga. Tazama kalenda. Januari 1950 Warusi wenyewe walipoteza timu ya jeshi la anga la Moscow kwenye ajali ya ndege Sverdlovsk, wachezaji 11. Walikuwa na msiba wao, na London 1950 hawakuwa na mpango wa kwenda.

Sasa tazama kalenda ya Prague. Julai 1949 Jaroslav Drobný, mwenzake Modrý kwenye ubingwa wa 1947 na fedha ya 1948, anakwenda Gstaad, Uswisi, kucheza tenisi na harudi, yeye na Vladimír Černík. Machi 1950, siku chache tu kabla ya hoki, Ája Vrzáňová, bingwa wa dunia wa kuteleza kisanaa, anatetea ubingwa wake wapi? London. Harudi. Kisha wiki ileile uwape ruhusa wachezaji zaidi ya kumi waende jiji lilelile? Afisa wa usalama aliyesaini ile safari angelala usingizi gani? Mimi naona woga wa ofisini: mtu anamwogopa bosi wake, bosi anamwogopa bosi wake, mpaka juu kabisa. Timu bora ya Ulaya ikauawa ili faili fulani lisichafuke. Moscow haikuhitaji hata kupiga simu.

Bila Miwani

Na nahodha je? Vladimír Zábrodský, mfungaji wao mkubwa. Huyo mbona hakuguswa?

Kipa wa Kata

Hakuwepo baa usiku ule na hakukamatwa, akaendelea kucheza. Mdogo mdogo minong'ono ikamfuata maisha yake yote, na baadhi ya wenzake waliotoka jela hawakumsamehe. Yeye mwaka 1965 akahamia Sweden, akafia huko 2020. Lakini angalia unavyojipiga mwenyewe: unasema asiyekuwepo baa na hakufungwa ni msaliti. Modrý naye hakuwepo baa. Mfumo ukitaka unamkamata asiyekuwepo, ukitaka unamwacha asiyekuwepo, kisha nyinyi wenyewe mnamaliziana kwa kutazamana vibaya. Mimi sitamtia Zábrodský hatiani kwa kuwa hakufungwa.

Mama Wawili

Hiyo aya ya mwisho nimeisoma mara mbili.

Kipa wa Kata

Twende Jáchymov. Kutoka magereza ya kawaida, wachezaji kadhaa pamoja na Modrý walipelekwa kwenye kambi za machimbo ya urani huko Jáchymov, kaskazini magharibi, milimani kwenye mpaka wa Ujerumani. Ndiko Marie Curie alikopata mawe alimotoa radiamu na poloni, elementi zenye mionzi. Novemba 1945 Prague na Moscow zilishasaini mkataba wa siri wa urani hiyo kwenda Umoja wa Kisovieti, na baada ya 1948 nguvu kazi ikawa wafungwa wa kisiasa. Makasisi, wanafunzi, maafisa wa jeshi waliopigana na Hitler, wakulima waliokataa ushirika, na mabingwa wa dunia wa hoki.

Vykmanov, karibu na mji wa Ostrov, mpaka leo umesimama mnara mwekundu wa matofali. Humo mawe ya urani yalikuwa yakisagwa na kujazwa kwenye mapipa. Wafungwa walifanya kazi ndani ya vumbi lile bila kinga yoyote, wengine wakikoroga kwa mikono, wakala hukohuko, wakalala na nguo zilezile. Watu wa kule waliuita mnara wa kifo. Tangu 2019 uko kwenye orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO pamoja na machimbo ya eneo lile.

Mwana Katanga

Wandugu, mie nawaandikia toka Lubumbashi. Nilikuwa nasoma kimya lakini hapa kwenye urani siwezi. Ile urani ya bomu la Hiroshima, sehemu kubwa ilitoka huku kwetu, Shinkolobwe, upande wa Likasi. Waamerika na Wabeleji waliishika yote, hawakutaka hata gunia moja lifike kwa Mrusi. Ndiyo Mrusi akatafuta yake: Jáchymov na Ujerumani Mashariki. Huku waliochimba walikuwa babu zetu, mikono mitupu, hakuna aliyewaambia wanashika nini. Kumbe wakati uleule kule Ulaya kipa bingwa wa dunia anashika jiwe lilelile. Nilikuwa sijui.

Kipa wa Kata

Mwana Katanga, umeongeza kitu kikubwa kwenye huu uzi kuliko mimi. Ndivyo hasa: upande mmoja ukafunga Shinkolobwe, upande mwingine ukafungua Jáchymov kwa wafungwa.

Januari 1955 Modrý akatoka, kwa msamaha, baada ya karibu miaka mitano. Wenzake vijana, Bubník, Konopásek na Roziňák, walirudi kucheza kwenye klabu. Yeye alikuwa na miaka 38 na mwili umeshaliwa. Aliugua na kuugua. Tarehe 21 Julai 1963 akafa, na kwao hawana shaka kwamba ni mionzi ya Jáchymov iliyommaliza. Mwaka 1968, ule mwaka wa Prague kufunguka kidogo, mahakama ikafuta ile kesi, wakasafishwa majina. Yeye kaburini miaka mitano. 2011 shirikisho la dunia likamweka kwenye ukumbi wake wa magwiji.

Binti Shangani

Na hao wengine? Usituache na kaburi tu.

Kipa wa Kata

Bubník ndiye aliyelipiza kwa mtindo wa kiungwana. Akawa mwalimu wa timu ya taifa ya Finland, na kwenye ubingwa wa dunia wa 1967 kule Vienna, Finland ikaifunga Chekoslovakia 3-1. Haikuwahi kutokea kabla. Baadaye utawala ulipoanguka akawa mbunge.

Drobný ndiye wenu zaidi. Baada ya kutoroka alihangaika kutafuta pasi ya kusafiria. Nchi iliyompa uraia ni Misri. Mwaka 1954 akashinda Wimbledon kwa kumfunga Ken Rosewall, akiwa Mmisri kwa karatasi, amevaa miwani kwa sababu ya jicho aliloumizwa kwenye hoki. Ufaransa ya tenisi alishaichukua 1951 na 1952. Hajatokea mwingine mwenye uraia wa Misri aliyechukua Wimbledon ya mmoja mmoja.

Mzee wa Kijiwe

Ngoja ngoja. Bingwa wa dunia wa hoki ya barafu, bingwa wa Wimbledon, raia wa AFRIKA? Na mimi miaka yote hii nabishana kijiweni bila silaha hii?

Bila Miwani

Mzee, Mmisri wa karatasi huyo.

Mzee wa Kijiwe

Karatasi ndiyo wenzake waliyonyimwa. Mimi namhesabu.

Shujaa wa South B

Swali la mwisho kwa mleta uzi au Mzee wa Takwimu: hiyo timu ya taifa ilijazwa na nani baada ya kufungwa watu wote hao? Matokeo yalikuwaje?

Takwimu Hazidanganyi

Nimechimba mwenyewe. 1950 London, hawakwenda, Kanada bingwa. 1951 Paris, hawakwenda. 1952 Olimpiki ya Oslo, wa nne, walifungwa na Sweden mechi ya kugombea shaba, 5-3. 1953 Zürich walikwenda, lakini katikati ya mashindano Rais Gottwald akafa, wakaitwa nyumbani kuomboleza, hawakumaliza. 1954 wa nne, mwaka Warusi wanachukua. 1955 ndiyo wakapata shaba. Ubingwa wa dunia wenyewe haukurudi mpaka 1972, Prague.

Kipa wa Kata

Na Gottwald huyo ndiye aliyekuwa rais mwaka wanafungwa.

Mama Wawili

Waliwaitia kuomboleza nani sasa?!

Takwimu Hazidanganyi

Huyohuyo.